Laptopu Imegoma Kuwaka: Anzia Ukutani Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Laptopu ikigoma kuwaka, kila anayeingia dukani ana jibu lake. "Hiyo ni betri tu, dada." "Bodi imeungua hiyo, usijisumbue." "Ianike juani, itakuwa imeingia unyevu." Nina duka dogo la steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini: nachapa, natoa kopi, naskani, na msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo nawajazia wanafunzi fomu mtandaoni. Kompyuta ninayo moja. Ilipogoma, ushauri nilioupata ulinifikia bure na sina ugomvi na waliotoa. Hela ilinitoka kwa wale wenye bisibisi mkononi, na ndiyo maana naandika haya.

Msimu wa mvua huku kwetu umeme una tabia yake. Radi ikianza kupiga upande wa ziwani, umeme unakatika, unarudi, unakatika tena kabla hujawasha mshumaa. Jioni hiyo nilikuwa namalizia ripoti ya mafunzo kwa vitendo ya mwanachuo mmoja. Umeme ukakatika, laptopu ikaendelea kwa betri. Uliporudi, ulirudi na nguvu zote: taa ya dukani iliwaka kwa weupe usio wa kawaida, feni ikanguruma, kisha giza tena. Laptopu ilibaki imewaka. Betri yake ilikuwa imeshachoka, haishiki chaji zaidi ya dakika chache, kwa hiyo nikasevu kazi, nikafunika, nikafunga duka nikijua kesho nitachaji.

Asubuhi nikabonyeza kitufe, kimya. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Mwanachuo wangu alifika saa tatu, akasimama mlangoni akiitazama ile mashine iliyofunguliwa bila mwanga. "Dada, na ripoti yangu?" Sikuwa na la kumjibu, nikamwambia arudi jioni. Alikuwa anatakiwa kukabidhi Ijumaa.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kwanza kabisa angalia imegoma kwa namna gani, kwa sababu watu wengi huleta mashine dukani kwangu wakisema haiwaki kumbe inawaka vizuri. Mwalimu mmoja wa kutoka Kasulu alikuja na yake imefungwa kwenye kanga. Nikaibonyeza, taa ya pembeni ikawaka, feni ikazunguka, kioo cheusi tii. Tukamulika kioo kwa tochi ya simu kwa ubavu, tukaona maandishi kwa mbali. Hapo tatizo ni taa ya kioo, na kompyuta ni nzima. Tuliiunganisha kwenye televisheni kwa waya wa HDMI akaendelea na kazi zake mpaka alipopata hela ya kubadilisha kioo. Ikiwa taa zinawaka lakini televisheni nayo haionyeshi kitu, jambo la kwanza la kushuku ni RAM, kile kibao kidogo cha kumbukumbu ya muda. Inachomolewa, meno yake ya rangi ya dhahabu yanasuguliwa taratibu kwa raba ya kufutia penseli, inarudishwa hadi isikike imekaa. Nyingine hupepesa taa kwa mpangilio maalumu. HP, kwa mfano, hupepesa taa ya kitufe cha Caps Lock, na idadi ya mipepeso ina maana yake kwenye kitabu cha mtengenezaji. Hesabu na uandike kabla hujaenda popote.

Yangu haikuwa ya namna hiyo. Yangu ilikuwa imekufa ganzi, na kwa iliyokufa ganzi unafuata umeme kutoka ukutani kuja ndani.

Soketi nikaipima kwa chaja ya simu, ikachaji. Waya wa ekstensheni nikaachana nao kabisa, nikachomeka chaja ya laptopu moja kwa moja ukutani. Kisha plagi. Plagi zetu hizi za miguu mitatu ya bapa zina fyuzi ndani yake, ndogo ya duara, na umeme ukirudi kwa fujo ndiyo hutangulia kukata. Fyuzi ni hela ndogo sana kwenye duka la vifaa vya umeme, na nimewahi kuona mtu amenunua chaja nzima kwa sababu ya fyuzi. Weka ya ampia zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Ile tabia ya kuzungushia karatasi ya sigara au uzi wa waya mahali pa fyuzi iacheni jamani, siku ya siku inachoma nyumba.

Taa ndogo ya chaja yangu iliwaka. Nikapumua. Nikachomeka kichwa chake kwenye laptopu, taa ikazima. Nikachomoa, ikawaka baada ya muda. Nikachomeka, ikazima.

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu habari yote ilikuwa hapa. Chaja inayowaka ikiwa peke yake na kuzima ikiingizwa kwenye mashine inakueleza mojawapo ya mawili: ama chaja imechoka, inatoa volti lakini haiwezi kubeba mzigo, ama ndani ya laptopu kuna shoti, yaani umeme unapita njia ya mkato pasipotakiwa, na chaja inajizima ili kujilinda. Kujua ni lipi kati ya hayo, huhitaji kununua chochote. Unaazima chaja ya mwenzako inayofanana na yako na kujaribu. Ikizima na hiyo, chaja yako haina kosa.

Kufanana kwenyewe kuna masharti. Geuza chaja usome maandishi madogo. Kwenye INPUT utakuta 100–240V, na hiyo ni ya ukutani. Inayokuhusu ni OUTPUT. Yangu inasema 19.5V na 3.33A, ambazo ukizizidisha ni wati 65. Volti zilingane na za chaja yako. Ampia zikizidi hakuna shida, zikipungua mashine inagoma au inachaji kwa kusuasua. Na kichwa kiwe kilekile. Cha kwangu ni cha bluu chenye pini nyembamba katikati, na ile pini ndiyo inayoitambulisha chaja kwa kompyuta, ikipinda kompyuta inaweza kuikataa chaja iliyo nzima.

Kabla sijatoka dukani nilifanya na lile jambo ambalo mara nyingine hufufua mashine bila gharama: unachomoa chaja, unatoa betri kama ni ya kutoka nje, unabonyeza kitufe cha kuwasha na kukishikilia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki kwenye bodi, ule ubao mkuu wa ndani, uishe, kisha unarudisha chaja peke yake na kujaribu. Imewahi kuniokoa kwenye kompyuta ya shemeji yangu. Safari hii haikusaidia.

Fundi wa kwanza nilielekezwa kwake na jirani yangu muuza juisi. Kibanda chake kimejaa simu na laptopu zilizofunguliwa matumbo. Swali lake la kwanza: "Ulinunua bei gani hii?" Akachomeka chaja yake ile yenye vichwa vingi, taa ya chaja ikazima na laptopu haikuwaka, akasema chaja yangu imeua "sistimu ya chaji" na ninahitaji chaja mpya. Kuangalia shilingi 10,000, chaja 35,000. Nilimweleza habari ya taa inayozima, akanijibu kwamba hiyo ndiyo dalili ya chaja mbovu. Nikalipa. Tukachomeka chaja mpya mbele yangu, taa yake ikazima vilevile kama ya zamani. Hapo akabadilika bila hata kupepesa macho: "Basi bodi imekufa, mama. Niachie kwa skrepa, nikupe 80,000."

Tazama kilichofanyika. Chaja tatu tofauti zilizimwa na mashine ileile. Ule ulikuwa ushahidi mzuri kabisa kwamba shoti iko ndani, na yeye aliugeuza kuwa sababu ya kuniuzia chaja. Tena mpaka hapo hakuwa amefungua skrubu hata moja wala kushika mita ya kupimia umeme. Mtu anayekwambia bodi imekufa bila kufungua mfuniko anakisia, na wewe ndiye unayelipia kukisia kwake. Ile 80,000 ilinitamanisha, sitaficha. Duka lilikuwa limesimama, wateja wanaenda kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, na kodi ya fremu haijali kompyuta.

Kilichonifanya nisiuze ni ripoti ya yule kijana. Nikawaza, mashine inaweza kufa, lakini kazi za watu haziko kwenye bodi, ziko kwenye diski, na diski yenyewe haina sababu ya kufa pamoja nayo. Kama ningekuwa naanza upya, hili ningelifanya asubuhi ileile kabla ya kwenda kwa fundi yeyote.

Nilinunua kesi ya USB ya diski, 15,000. Nikafungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ndogo. Skrubu za laptopu hazilingani urefu, kwa hiyo nilichora umbo la mfuniko kwenye karatasi na kila skrubu nikaibandika kwa selotepu mahali pake. Kwa inayochelewa kufunguka usitumie kisu, tumia kadi ya zamani ya benki ukizunguka pembeni taratibu. Kitu cha kwanza ndani ni kuchomoa kiunganishi cha betri. Ukiikuta betri imevimba, usiikandamize wala kuitoboa, hiyo inaweza kushika moto. Diski yangu ni ile ya inchi 2.5, ya bapa. Za siku hizi ni kijiti chembamba na kesi yake ni nyingine, kwa hiyo fungua uone kwanza ndipo ununue. Kuna na mashine ambazo hifadhi imechomelewa kwenye bodi yenyewe, hizo hazichomoleki.

Nikaipeleka kwa mwalimu rafiki yangu, tukaichomeka kwenye kompyuta yake. Ilikataa kufungua folda la jina langu, ikadai sina ruhusa. Usiogope, bonyeza Continue usubiri. Kwenye kompyuta mpya zaidi za Windows 10 na 11 unaweza kukuta diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows yenyewe, ikakudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyofungulia mashine, hivyo kama umesahau nywila ya akaunti yako, anza kuitafuta leo wakati kompyuta bado inawaka. Yangu haikuwa imefungwa. Folda likafunguka, na ripoti ilikuwepo yote. Nilikopi kila kitu, nikachapa ripoti kwa printa ya mwalimu, kijana akaichukua kabla ya Ijumaa. Usingizi ulinirudia siku hiyo, kompyuta ikiwa bado mfu.

Kuna waliosema niitume Dar, Kariakoo. Inawezekana, mabasi yanabeba vifurushi kila siku. Lakini Kigoma ndiyo mwisho wa reli, kilomita zaidi ya 1,200 toka Dar, na ukishakipandisha kitu kwenye basi huwezi kusimama nyuma ya fundi ukaona anachofanya. Binamu yangu alituma yake, ikarudi inawaka kweli, ila RAM ya GB 8 ilikuwa imegeuka GB 4. Nani atathibitisha nini, na yupo huku?

Fundi wa pili yuko njia ya kwenda Ujiji, na watu wanamjua zaidi kwa redio na televisheni. Nilimwendea kwa sababu hiyo hasa: anayetengeneza televisheni anaishi na mita. Safari hii sikwenda na neno "haiwaki" peke yake. Nilimweleza soketi nzima, fyuzi nzima, chaja tatu zinazima zikiingizwa, diski nimetoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Dada, umeme uliporudi kwa nguvu, ilizima palepale au baadaye?"

Nikamwambia iliendelea kwa betri.

"Basi kompyuta yako nzima. Mlango wa kuingilia umeme ndiyo una shoti."

Akafungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na vumbi letu jekundu na sisimizi mmoja aliyekaukia pembeni mwa feni. Akapuliza, akaweka mita kwenye mlio, akagusa njia ya chaja. Ikalia mfululizo, bila kukatika. Ndiyo shoti hiyo. Soketi ya chaja kwenye mashine yangu imeungwa na bodi kwa waya mfupi, akauchomoa huo waya na kuingiza chaja: taa ikabaki inawaka. Kwa hiyo soketi ni nzima, shoti iko kwenye bodi.

Kilichofuata ndicho kilichonifurahisha. Ana mashine ya kutoa umeme wa kiasi anachotaka. Akaiweka kwenye volti 1 tu, akaunganisha kwenye ile njia yenye shoti, kisha akachovya brashi kwenye spiriti na kupaka eneo lote. Bodi ikang'aa kwa unyevu. Tukaitazama wote wawili, na mtoto wake wa shule naye akajisogeza. Sehemu moja, penye kitu kidogo cha kahawia usawa wa punje ya ufuta, ikakauka ghafla huku kwingine bado kumelowa. Umeme wote ulikuwa unapita pale, kwa hiyo pale ndipo palipopata joto. Ilikuwa kapasita, kijidude kinachotunza umeme kidogo ili kuutuliza. Akaitoa kwa hewa ya moto, akagusa mita tena: kimya. Akachomeka chaja, taa ya chaja ikatulia, na taa ya laptopu pembeni ikawaka rangi ya machungwa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Alitafuta kapasita kama ile kwenye bodi ya skrepa akaichomelea. Akanieleza kwamba kwenye njia hiyo ziko kadhaa zinazofanya kazi pamoja na mashine ingeweza kuwaka bila hiyo moja, ila yeye hapendi kuacha pengo. Alitaka 70,000, tukaelewana 60,000. Kwa jumla nilitumia 120,000, na humo 45,000 zilikwenda kwa fundi wa kwanza bila faida. Hapo sijahesabu siku za duka kufungwa. Laptopu iliyotumika yenye uwezo kama wa yangu nilikuwa nimeulizia, nikaambiwa laki nne na nusu.

Si kila shoti inaisha hivi. Kikiungua kitu kikubwa, kama prosesa yenyewe, bei inaweza kuikaribia ya mashine nyingine, na hapo kuuza skrepa ni akili. Iliyomwagikiwa chai au maji nayo ina njia yake: zima, chomoa kila kitu, toa betri, na usijaribujaribu kuiwasha "uone kama imekauka", kwa sababu umeme ukikutana na unyevu ndipo bodi inapoliwa. Kuifukia kwenye mchele ni kupoteza mchele. Ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa kwa spiriti mapema.

Ukilazimika kuiacha kwa fundi, piga picha upande wa chini wenye namba ya mashine, andika ukubwa wa RAM, mpe mbele ya macho yake asome na yeye, na diski ondoka nayo. Fundi haihitaji diski ili kuitafuta shoti. Kwa sisi wa steshenari hili si la wizi tu. Kwenye diski yangu kuna vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na barua za watu, na tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuziacha zikizagaa kibandani kwa mtu ni jambo la kukuletea maswali.

Baada ya hapo nilinunua ile gadi wanayowekea friji. Jirani yangu wa juisi anayo miaka yote na sikuwahi kufikiri kompyuta nayo inaistahili. Umeme ukirudi, gadi inasubiri kwanza utulie ndipo iuruhusu, na ukizidi kiwango inakata. Ila radi ikianza sitegemei gadi, nachomoa plagi ukutani, kwa sababu radi haisubiri kifaa chochote. Kazi za wateja nakopi kwenye diski ya nje kila jioni, na hiyo diski nalala nayo nyumbani.

Chaja ile ya 35,000 bado iko kwenye droo, haijatumika. Kichwa cha bluu, volti 19.5, wati 65. Anayeihitaji aje Mwanga tuongee bei.